Kabla hujamlaumu fundi na gundi yake, jua soli yako ni ya nini

FundiKona_Nakuru

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi viatu hapa Nakuru, nakaa kando ya njia ya kuelekea stendi. Kuna lawama moja imenichosha, leo naileta hapa tuimalize.

Mteja analeta kiatu, soli imefumuka mbele. Napiga msasa, napaka gundi, naacha ikauke kidogo, nabana, nagonga. Analipa, anaenda zake. Wiki haijaisha huyo hapo, sauti juu, ati gundi yangu ni maji. Na siku hiyohiyo kuna mama wa mtaa wa Shabab niliyemshughulikia, gundi ilitoka kwenye mkebe uleule, na hadi leo anapita hapa nacho akinisalimia. Sasa gundi ilijuaje kiatu cha nani ikishike na cha nani ikiache?

Vitu vingi tunavyouziwa kwa jina la raba ni plastiki zilizotengenezwa zikanyumbuka. Sisemi hivyo kuzidharau, zipo zinazoishinda raba kwa mbali. Lakini kila moja ina tabia zake, na usipozijua utagombana na fundi bure.

Mimi huuliza sindano. Naichoma ncha hadi iwe nyekundu, nagusa soli mahali pasipoonekana. Mpira wa kweli, ule uliopikwa na salfa kama wa tairi, unafuka moshi na kunuka tairi, unaungua lakini hauyeyuki. TPR, plastiki laini inayoiga mpira, inayeyuka papo hapo, na ukivuta sindano inakuja na uzi mrefu. PVC nayo inayeyuka, ila harufu yake inakata pua. Hiyo usiinamie kabisa, moshi wake una asidi. EVA, ile nyepesi ya povu tunayoijua kwa patipati, inanywea na kujikunja pale ulipogusa.

Turudi kwa gundi. Ile ya njano ambayo wengi wetu tunatumia inapatana sana na mpira wa kweli uliokwaruzwa vizuri. Kwenye PVC itashika leo, halafu yale mafuta ya kulainishia yaliyomo ndani ya PVC yatatoka polepole na kuifanya gundi iwe ute. Pale panatakiwa gundi ya poliyurethani. TPR ndiyo kichwa ngumu. Msasa peke yake hautoshi, lazima kwanza ipakwe praima yake, dawa yenye klorini inayobadilisha uso wa soli ili gundi ipate pa kukamata. Viwandani hawairuki hatua hiyo. Huku kando ya barabara wengi hawana praima, na aliye nayo atakuongezea bei. Kwa hiyo nikikuambia "hiki tukishone", sitafuti pesa ya uzi.

Na tafadhali, mtu asisome hapa "klorini" akaenda kuchanganya dawa za chooni. Klorini ikikutana na kitu isichopatana nacho inatoa gesi inayoua.

Atis_Kondele

Omera fundi, umenigusa. Nilinunua viatu vya mtumba soko la Kibuye hapa Kisumu, safi kabisa, hata soli haina mkwaruzo, unaona kabisa mzungu hakuvivaa. Nikavivaa Jumatatu kwenda kazini. Kufika kwenye ngazi nasikia kama nakanyaga mchanga. Kuangalia chini, soli inamomonyoka! Vipande vyeupe vimenifuata kutoka stejini hadi mlangoni. Askari wa getini akaniuliza kama nimebeba chokaa.

Yule muuzaji alijua? Na nikikuletea hivyo viatu, vinapona?

FundiKona_Nakuru

Pole ndugu, ingawa nimecheka. Hiyo ni PU, poliyurethani ya povu. Huenda muuzaji hakujua, maana kiatu hicho kinadanganya hata fundi. Ubaya wake ni kwamba kinazeeka hata kikiwa ndani ya boksi. Unyevu wa hewa unaingia polepole kwenye povu na kuikatakata ile plastiki kwa ndani, huku nje bado inang'aa. Kwa hiyo kile kilichokuvutia, kwamba hakikuwahi kuvaliwa, ndicho kilipaswa kukutia shaka: kimekaa kwa mtu miaka mingapi? Na hewa yenu ya Kisumu, na ziwa lile, haikisaidii.

Hakiponi. Gundi itashika unga, na unga utabaki kwenye gundi. Ngozi ya juu ikiwa nzima, tunang'oa soli yote na kuweka nyingine.

Ukienda sokoni tena, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba, sana. Povu zima linarudi. Lililooza linabaki na shimo, au linatoa nyufa ndogondogo, au linanata. Halafu kikunje kiatu mpaka ncha ikaribie kisigino. Muuzaji akikataza usikikunje, umeshapata jibu.

Mwalimu_wa_Kemia_Bungoma

Fundi, salamu kutoka Bungoma. Nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na mjadala huu unanifaa darasani kuliko kitabu. Niruhusu niongeze kilicho chini ya hayo uliyoeleza.

Mpira wa asili ni utomvu wa mti, nyuzi ndefu sana zilizosokotana. Ukiwa mbichi ni kitu kibaya: jua likiwaka unanata, baridi ikija unakuwa mgumu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupasha moto pamoja na salfa, salfa inafunga nyuzi hizo moja kwa nyingine. Hati yake ya ubunifu ilitoka 1844. Baada ya hapo umbo limeshakamilika, na huwezi kuuyeyusha ukaanza upya, kama ugali ulioiva usivyoweza kurudi unga. Fundi wa pancha anayekubania tyubu kwa kiraka cha moto anafanya kazi hiyohiyo ya Goodyear.

Hizi plastiki laini zilikuja kwa njia nyingine. Chukua hiyo TPR. Nyingi msingi wake ni kitu kinaitwa SBS, ambacho kampuni ya Shell ilianza kukiuza miaka ya 1960. Kila uzi wake una sehemu ya katikati laini kama mpira, na ncha mbili ngumu za polistirini, ileile ya rula za plastiki na vikombe vyepesi. Zile ncha ngumu hukusanyika pamoja na kuwa mafundo, na mafundo ndiyo yanayorudisha soli ikivutwa. Lakini hayakufungwa kwa salfa. Yakikaribia nyuzi joto 100 yanalegea, plastiki inatiririka, unaimimina kwenye kalibu, ikipoa mafundo yanajifunga tena. Kiwanda kinapenda hiyo, kwa sababu soli inatoka haraka na mabaki yanasagwa na kurudi mashineni. SBS hiyohiyo huchanganywa pia na lami ili barabara isipasuke upesi.

EVA ya povu inawachanganya wengi. Ni plastiki kwa asili, lakini inapofurishwa kiwandani huwa inafungwa pia nyuzi kwa nyuzi. Kwa hiyo hairudi kuyeyuka vizuri. Joto likizidi inasinyaa tu.

MamaTriza

Mulembe mwalimu. Hiyo ya kusinyaa ni kweli kabisa. Huku Kakamega niliosha kroksi za mtoto nikaanika juu ya mabati saa sita. Kurudi jioni, zimekuwa za mtoto mdogo wake! Si kuoga, si kunyoosha, hazikurudi. Bahati mdogo yupo.

Lakini swali langu ni lingine. Triza yuko darasa la tano. Rula na pembe zake za hesabu zimekwama na raba ya kufutia ndani ya mkebe. Si kukwama kidogo. Rula imeliwa! Imebaki bonde la umbo la raba, na raba imeshika namba za rula kinyumenyume. Nimemchapa nikidhani alikuwa anachezea moto. Ni nini hii?

Mwalimu_wa_Kemia_Bungoma

Mama Triza, mtoto hana hatia, kamnunulie soda.

Raba nyingi za kufutia siku hizi ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ya mabomba ya maji. Ili inyumbuke inatiwa kimiminika cha kulainisha, na kwa kitu laini sana hicho kimiminika ni sehemu kubwa. Hakikufungwa na chochote, kimejibanza tu kati ya nyuzi. Kikikuta polistirini ya rula kinahamia huko na kuilainisha mpaka inayeyuka bila moto wowote. Ile karatasi ngumu inayovishwa raba dukani watoto huitupa siku ya kwanza, kumbe iliwekwa hasa kuzuia jambo hili. Mwambie airudishe, au aifunge raba kwa karatasi ya daftari.

Kimiminika hichohicho ndicho kinachomsumbua fundi kwenye gundi. Na ndicho kilicholeta kelele kuhusu vichezeo. Aina za zamani zinaitwa fthaleti, na mtoto akinyonya kichezeo laini anazinyonya pia. Umoja wa Ulaya ulizuia baadhi yake kwenye vichezeo kwa muda mwaka 1999, kisha kwa kudumu 2005. Marekani ilifuata 2008 kwa kikomo cha asilimia 0.1. Kwa hiyo kibata cha plastiki laini kinachonuka sana kikitoka kwenye karatasi, kisicho na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, wala jina la mtengenezaji, mimi nisingempa mtoto anayeota meno.

MamaTriza

Kumchapa nimeshamchapa, soda nitanunua. Na chuchu za chupa?

Mwalimu_wa_Kemia_Bungoma

Ile ya rangi ya kahawia kidogo ni mpira wa asili. Ni laini na haikatiki ovyo, ila ukiichemsha mara kwa mara inachoka, inavimba na kunata. Ikianza hivyo tupa. Ile angavu ni silikoni. Hiyo inastahimili kuchemshwa bila shida, udhaifu wake ni meno: ikishapata mkato mdogo inachanika hadi mwisho. Ikague kila siku kwa kuivuta.

BodaMaseno254

Mimi kwangu ni ile mipira ya kufungia mizigo, tunayokata kwenye tyubu. Naiacha imefungwa kwenye keria usiku kucha, nikiamka ina nyufa nyingi ndogo, zote zimelala upande mmoja. Ile ya akiba iliyo ndani ya boksi ni kuukuu zaidi na haina hata ufa. Mzee mmoja stejini anasema ni jua la ikweta, si mnajua mstari unapita hapa kwetu.

Mwalimu_wa_Kemia_Bungoma

Jua lina sehemu, lakini mkosaji mkuu ni ozoni. Iko kidogo kwenye hewa tunayovuta, na inakata nyuzi za mpira pale zilipovutwa. Ndiyo maana nyufa zinakatiza upande uliovutwa. Ukiulegeza mpira usiku ozoni inakosa pa kuanzia. Tyubu za butili, mpira wa kiwandani, huvumilia zaidi kuliko za mpira wa asili, lakini ukizifunga kwa kuzivuta sana nazo zitapasuka siku moja. Fungua usiku, basi.

Kava_na_Chaja_Kisumu

Wacha niwasaidie watu wa simu, maana kila siku naambiwa nauza feki. Kava laini angavu ni TPU, jamaa wa ile PU ya viatu vya Atis, lakini hii ni ya kuyeyushwa na ni ngumu kuchanika. Inageuka njano kwa sababu mwanga wa jua unabadilisha kemikali iliyo ndani ya plastiki yenyewe. Msiipige kwa Omo wala magadi, si uchafu. Ukitazama kava mpya vizuri utaona ina ubluu kidogo. Huo umetiwa makusudi ili unjano uchelewe kuonekana. Ziko TPU zisizogeuka upesi, bei yake wateja wangu hawataki kuisikia.

Asiyetaka njano achukue nyeusi. Ndiyo ushauri wangu wa biashara, na ni wa bure.

Spana_na_Grisi

Niko gereji hapa Nakuru upande wa viwandani. Fundi, viatu vyangu vya kazi vinavimba soli. Mwanzo zilikuwa saizi ya kiatu, sasa zimetokeza pembeni na zinanata sakafuni. Dizeli?

FundiKona_Nakuru

Dizeli na petroli. Bila shaka ni TPR. Mafuta ya gari yanaingia ndani yake inafura. Chukua kitambaa chenye petroli usugue pembeni, ukiona kinatoka na rangi na soli inanata, ndiyo hiyo. Kwa gereji tafuta soli ya PU au ya mpira wa naitrili, mara nyingi imeandikwa kwamba inastahimili mafuta. TPU pia inakaa. Usinunue kwa kuangalia meno ya soli, meno hayazuii dizeli.

Na hapa nataka niwajibu wale wanaopita kwangu wakisema plastiki zote ni takataka, raba ndiyo raba. TPU kwa kusagika inaishinda raba nyingi. Njumu za vijana wanaocheza kwenye changarawe zina soli za TPU na zinamaliza msimu. Kitu chochote kikiwekwa mahali pake kinafanya kazi.

Mzee_Akala

Mmeongea sana vijana. Mimi nimevaa akala za tairi tangu nikiwa mchungaji wa ng'ombe, haijui gundi wala praima, ni misumari tu. Hamjanitajia hata moja kati ya hizo herufi zenu itakayofika umri wake.

FundiKona_Nakuru

Mzee wangu, hapo sina ubishi. Tairi lina masizi meusi yanayozuia jua na nyuzi za ndani zinazozuia kuchanika. Limetengenezwa libebe lori, wewe umeliwekea kilo sabini. Uzito tu ndio tunaukimbia.

Mzani_wa_Plastiki

Mimi nanunua plastiki kwa kilo, Nakuru hapahapa. Niwaambie upande ambao hamuuoni. Mitungi, ndoo, viti vilivyovunjika, hivyo nachukua. Ukiniletea gunia la patipati nalirudisha. EVA hainunuliwi na wasagaji wangu, na ni povu tupu, gunia zima halina uzito wa kulipia hata mkokoteni. Raba ya kweli vilevile, haiyeyuki. Za PVC, sandak za zamani na gambuti, zina mnunuzi: zinasagwa na kumiminwa tena. Ukiona gambuti nyeusi ya bei nafuu, weusi huo unaficha rangi nyingi zilizochanganyika. Shida ni mtu akichanganya PVC kidogo kwenye gunia la plastiki nyingine. Ikipashwa moto inaungua kabla ya wenzake, inaharibu mzigo wote na kula mashine kwa ile asidi.

Kwa hiyo patipati mwisho wake ni mtaro, kutoka mtaro ni mto, na mto ni ziwa. Na kwa kuwa zinaelea, zinafika.

Atis_Kondele

Kuelea si mchezo. Mwaka 2021 ile jahazi ya Lamu, Flipflopi, ilikuja Ziwa Victoria. Imejengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvalishwa patipati kama 30,000. Rangi zake ukiziona! Lakini jahazi moja haiwezi kumaliza patipati za Kondele peke yake.

Miwa_Mumias

Nasoma tu, ila mwalimu nisaidie. Nilisikia kuna soli zinatoka kwa miwa. Ni propaganda za kutufariji wakulima?

Mwalimu_wa_Kemia_Bungoma

Ni kweli. Mwaka 2018 Braskem ya Brazili na kampuni ya viatu ya Allbirds ya Marekani walitoka na EVA inayotokana na miwa. Miwa inatoa spiriti, spiriti inageuzwa ethilini, na ethilini ndiyo malighafi ambayo kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ya petroli na gesi. Muhoroni molasi tayari inapikwa kuwa spiriti, kwa hiyo hatua ya kwanza si ngeni kwetu. Iliyobaki inataka kiwanda kikubwa sana na umeme wa uhakika.

Lakini soli hiyo ikishakuwa EVA ni EVA. Haiozi shambani kwa sababu ilianza kama muwa, na Mzani bado ataikataa.

Miwa_Mumias

Viwanda vya sukari vitulipe kwanza madeni ya miwa, soli tutaongea baadaye.

MamaTriza

Jamani la mwisho. Kipini cha tochi yangu na rimoti, vile vya kuvutia kama ngozi laini, vimeanza kunata vumbi lote la nyumba. Natupa?

Kava_na_Chaja_Kisumu

Usitupe mama. Hapo juu kumepakwa rangi laini, mara nyingi ni PU, nayo inaharibiwa na unyevu vilevile. Toa betri kwanza, chukua spiriti ya duka la dawa na kitambaa, sugua hadi ule ute wote utoke. Chini utakuta plastiki ya kawaida. Haitapendeza kama zamani, ila haitanata.

Atis_Kondele

Fundi, mimi ngozi ya juu iko sawa. Nikikutumia viatu kwa matatu unaniwekea soli gani, na praima unayo?

FundiKona_Nakuru

Praima ninayo kidogo, ila kwa soli ninayotaka kukuwekea haihitajiki. Nina soli za mpira wa kweli saizi 42 na 43. Vitume vikiwa vimeoshwa na kukauka kabisa, na huo unga wote ukwangue kabla, usiniletee chokaa kibandani. Nitabandika halafu nizungushe uzi pembeni. Saizi yako ngapi?

Atis_Kondele

44.

FundiKona_Nakuru

Basi ngoja Alhamisi, mzigo unaingia.